Simu zinaingia intaneti, kompyuta inakataa kurasa: tatizo liko wapi?

Mama_Raskazone ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Naomba msaada wenu. Nyumbani kwetu Tanga tunatumia ruta ndogo ya laini ya 4G, inayohudumia simu tatu na kompyuta moja ya mezani yenye Windows 10, ambayo tuliinunua ikiwa imeshatumika. Simu zote zinafungua kila kitu bila shida. Kompyuta inaonyesha kwamba imeunganishwa na Wi-Fi, lakini inakataa karibu kurasa zote: kivinjari kinatoa onyo kwamba muunganisho si salama, na chini yake yapo maandishi NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Kinachonishangaza ni kwamba tovuti chache za zamani zinafunguka kama kawaida. Hali hii hujitokeza asubuhi, na huwa mbaya zaidi umeme ukikatika. Siku nyingine kompyuta ikiwashwa husimama kwenye skrini nyeusi na kutaka nibonyeze F1 ndipo iendelee.

Nilipompigia simu mtoa huduma, niliambiwa nirudishe ruta kwenye mipangilio ya kiwandani na ninunue kifurushi kikubwa zaidi. Fundi wa mtaani naye anasema ni lazima apige Windows upya. Binti yangu hutuma kazi zake za chuo kwa kompyuta hiyo, na mafaili yake yote yamo humo, kwa hiyo sitaki kumruhusu mtu afute chochote kabla sijajua ugonjwa wenyewe ni upi. Nianzie wapi?

Mtandao_Moro amejibu:

Mama, umefanya vyema kusimama kwanza. Kwa kuwa simu zinafunguka kupitia ruta hiyo hiyo, kifurushi kipo na laini ni nzima, kwa hiyo ruta iache kama ilivyo. Ukiirudisha kiwandani utapoteza nywila na jina la Wi-Fi bila kupata faida yoyote.

Sasa tuipime kompyuta yenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi litakalofunguka andika ipconfig, uangalie mstari wa anwani ya IPv4. Ukiona namba zinazoanza na 169.254, kompyuta haijapewa anwani na ruta, na tatizo litakuwa kwenye Wi-Fi ya kompyuta. Ukiona zinazoanza na 192.168, anwani imepatikana. Baada ya hapo andika ping 8.8.8.8 uone kama majibu yanarudi, halafu andika ping google.com. Kama ya kwanza inajibu na ya pili inadai kwamba jina halijulikani, hitilafu iko kwenye DNS, yaani huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba, na hiyo hurekebishwa kwa dakika chache. Mimi nashuku DNS, lakini tuletee majibu kwanza.

Mama_Raskazone:

Ahsante sana, kaka. Anwani inaanza na 192.168. Ping zote mbili zimejibu, ya namba na ya jina. Kurasa bado zinakataa.

FundiUbao amejibu:

Basi DNS haina kosa, na intaneti inaifikia kompyuta yako barabara. Mama, tazama kona ya chini kulia ya skrini na utuambie kompyuta inadhani leo ni tarehe ngapi na mwaka gani.

Mama_Raskazone:

Inaonyesha tarehe 1 Januari 2015! Huwa naona saa imepotea, lakini sikudhani kwamba saa inaweza kuzuia intaneti.

FundiUbao amejibu:

Inaweza, na nitaeleza kwa kirefu kidogo kwa sababu watu wengi wamelipia Windows mpya kwa ugonjwa huu huu.

Tovuti nyingi za leo, zile zinazoanza na https, hukabidhi kivinjari cheti cha usalama kila unapozifungua. Cheti hicho kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na muda wake ni mfupi: vile vinavyotolewa bure na Let's Encrypt, kwa mfano, vimezoeleka kudumu siku 90. Kivinjari hulinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta yako. Kompyuta inapoamini kwamba tuko mwaka 2015, kila cheti kinaonekana kuwa hakijaanza kutumika, na kivinjari kinakataa, kama inavyostahili. Zile tovuti za zamani zinafunguka kwa sababu zinatumia http tupu isiyo na cheti, hivyo hakuna tarehe ya kukagua. Simu nazo hupata saa kutoka kwenye mtandao wa simu, ndiyo maana hazisumbuki.

Saa inapotea kwa sababu betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mama (motherboard, ubao mkuu wa ndani ya kompyuta) imekufa. Kazi yake ni kuiendesha saa na kutunza mipangilio ya msingi wakati kompyuta haina umeme kabisa, na hiyo skrini ya F1 ni dalili yake nyingine. Windows hujaribu kusahihisha saa kupitia intaneti, lakini kwa mipangilio yake ya kawaida kwenye kompyuta ya nyumbani haikubali kuruka tofauti inayozidi saa 15, sembuse miaka.

Kwa leo, weka tarehe na saa sahihi kwa mkono, funga kivinjari na ukifungue tena, binti aendelee na kazi. Kisha nunua betri iliyoandikwa CR2032, ya volti 3, ambayo hupatikana hata kwa mafundi wa saa. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, ondoa kifuniko cha ubavuni, na ushike chuma cha kasha kwa muda mfupi ili umeme tuli utoke mwilini. Betri utaiona imelala bapa ndani ya kikombe cha plastiki chenye ulimi mdogo wa chuma pembeni. Sukuma ulimi huo nje kwa ncha ya bisibisi na betri itaruka yenyewe. Ile mpya iingie upande wenye alama ya + ukitazama juu, uibonyeze mpaka usikie imekaa. Usiogope kupoteza mipangilio: kwa betri iliyokufa, imekuwa ikipotea kila umeme unapokatika. Mafaili ya binti yako kwenye diski kuu hayaguswi hata kidogo.

Naomba sana, betri ya zamani usiiache mezani kama nyumbani kuna mtoto mdogo. Ikimezwa na kukwama kooni huweza kuunguza nyama kwa ndani katika muda wa saa mbili tu, na hiyo ni dharura ya hospitali. Izungushie utepe wa gundi (selotepu) na uiweke mbali.

Bahari_Mombasa amejibu:

Naunga mkono maelezo ya fundi, nami niongeze mawili. Dada, kivinjari hukupa nafasi ya kulipuuza onyo na kuendelea. Usiitumie, hasa kwenye benki au barua pepe, kwa kuwa onyo hilo hilo ndilo linalotokea mtu anapojiweka katikati ya wewe na tovuti halisi. Pili, kama huwa mnazima swichi ya ukutani kila usiku ili kuokoa umeme, saa inategemea betri peke yake usiku kucha, ndiyo sababu ya kuiona hali hii kila asubuhi.

Na siku simu na kompyuta zitakapogoma kwa pamoja, usifungue kasha la kompyuta. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya na nchi jirani, na hakuna ambacho mtu angefanya nyumbani kwake kikaiponya.

Mama_Raskazone:

Ni kweli, swichi tunaizima kila usiku. Betri imewekwa, F1 haijaonekana tena, na asubuhi nimekuta tarehe iko palepale. Kurasa zote zinafunguka. Nawashukuru sana. Limebaki jambo moja: programu ya barua pepe inaonyesha kwamba ujumbe niliotumiwa saa 8 mchana umeingia saa 9 usiku.

FundiUbao amejibu:

Hapo ukanda wa saa ndio umekosewa. Kompyuta yako bila shaka imeachwa kwenye saa za magharibi ya Marekani, ambazo kwa miezi hii ziko nyuma yetu kwa saa 11, nawe umeweka saa ya Tanga juu yake kwa mkono. Fungua mipangilio ya tarehe na saa, chagua UTC+03:00 Nairobi, kwa kuwa Windows imeiweka Tanzania chini ya jina hilo. Ukishachagua, ndipo ubonyeze kitufe cha kulandanisha saa na intaneti. Ukianza na kitufe kabla ya kubadili ukanda, saa itakurudisha nyuma kwa saa hizo 11.

Mama_Raskazone:

Nimefuata utaratibu huo. Saa na barua pepe sasa zinalingana.