Kanisa jipya: nihubiri kitabu kizima cha Biblia? Wazee lini?

Swali: Shalom watumishi. Tuna familia 9, presbiteri (baraza linalosimamia makanisa ya eneo letu) imeturuhusu kuanza ibada. Nihubiri mada au kitabu? Na wazee wa kanisa tuwachague lini?

Jibu: Kitabu, ndugu. Anza na Marko: ukichukua aya 10 hadi 15 kila Jumapili, una zaidi ya miezi 10. Zwingli, mwanamatengenezo wa Kanisa, alianza hivyo Zürich, Uswisi, 1 Januari 1519, na Mathayo 1. Kabla ya kutafuta mifano, andika wazo kuu la kifungu kwa sentensi moja. Ikikushinda, bado hujakielewa; rudi usome.

Jibu: Wazee msiharakishe, tafadhali! Makanisa machanga huumia kwa kumsimika mtu kwa kuwa ana uwezo wa fedha, halafu kumwondoa kunaligawa kundi. Someni 1 Timotheo 3, wafundishwe ungamo la imani miezi 6 hivi, wapimwe, ndipo washirika wapige kura. Kwa sasa ombeni presbiteri iwape wazee wa muda kutoka kanisa mama, maana mchungaji peke yake si baraza la wazee.

Jibu: Sadaka pia: wahesabu wawili, wote watie sahihi kabla haijaondoka mezani. Mchungaji asiishike.