Lita za dashibodi na za mhasibu hazilingani, naomba ushauri

MwanaNjoro: Hamjambo wadau. Nashughulikia data katika chama cha ushirika cha maziwa hapa Nakuru. Rekodi za mizani huingia kwenye ghala letu la data la BigQuery, huduma ya Google. Meneja hutazama dashibodi ya Looker Studio, yaani ukurasa wa chati na jumla. Mhasibu hupakua CSV (faili la maandishi matupu) na kuifungulia Excel. Mwisho wa mwezi kila mmoja alikuwa na lita zake, na wakulima wako foleni. Tena mkulima nambari 00417 kwenye Excel amekuwa 417, hakuonekana kwenye orodha ya malipo. Mzee ametoka Molo, akarudi mikono mitupu. Iliniuma sana. Nifanyeje wote wasome kitu kimoja?

Hesabu_Kisumu: Pole ndugu. CSV achaneni nayo. Excel ikiifungua huona 00417 ni tarakimu tu, inakata sifuri za mbele. Mhasibu atumie Google Sheets iliyounganishwa moja kwa moja na BigQuery; nambari ikiwa maandishi kule ghalani, hufika ilivyo. Na usiwape jedwali ghafi. Tengeneza viu (hoja iliyohifadhiwa, husomwa kama jedwali) moja yenye hesabu mlizokubaliana, dashibodi na Sheets zichote hapo.

BintiKakamega: Lori la usiku hupimwa saa ngapi?

MwanaNjoro: La Molo huingia saa saba, saa nane usiku. Kwani?

BintiKakamega: Basi ni hilo. Usipoiambia vingine, BigQuery hutoa tarehe kwa saa za UTC (saa za kimataifa), zilizo nyuma yetu kwa saa 3. Maziwa yaliyopimwa kabla ya saa tisa usiku huhesabiwa ya jana, kwa hiyo lori la tarehe mosi linaangukia mwezi uliopita. Mhasibu wenu akifuata daftari la mizani, yeye ndiye yuko sawa. Andika `DATE(muda, 'Africa/Nairobi')` ndani ya hiyo viu.

Hesabu_Kisumu: Umenena dada. La gharama pia: mnalipia data inayosomwa, ikishapita TiB 1 (tebibaiti, kipimo cha wingi wa data) ya bure ya kila mwezi. Kila alfajiri tengeneza kutoka kwa viu hiyo jedwali dogo la jumla za siku, dashibodi isome hilo.

MwanaNjoro: Asanteni mno. Lita zimelingana, mhasibu amehakikisha kwa daftari. Kumbe hata ghalani nambari za wakulima zilihifadhiwa kama namba. Zote ni za tarakimu 5, kwa hiyo nimezigeuza maandishi na LPAD, amri ya kujaza herufi mbele, imezirudishia sifuri. Malipo ya yule mzee yameingizwa leo, nimempigia mwenyewe.