Naomba ushauri: blokicheni kwenye biashara ya paneli za sola

Habari zenu wakuu. Nauza paneli za sola Kampala. Mzigo hushuka Mombasa, unavuka mpaka wa Malaba, kisha nawasambazia mawakala hadi Arua. Kinachotuumiza ni feki: paneli imeandikwa wati 200, ukiipima saa sita jua likiwa kali haitoi hata nusu. Sasa msambazaji wangu anataka tuingie kwenye blokicheni, yaani daftari la kidijitali ambalo nakala zake zinatunzwa kwenye kompyuta nyingi kwa pamoja, kila paneli iwe na msimbo wa kuskani, na rekodi ikishaingia hakuna wa kuichezea. Sawa, lakini stika si inabanduliwa na kubandikwa kwenye feki? Uongo nao ukiingizwa haufutiki! Halafu mawakala wangu wengi wanatumia simu za vitochi, zisizoweza kuskani. Mwenye uzoefu anisaidie: taarifa za mpakani anaingiza nani, na gharama anabeba nani? Au nibaki na daftari la namba za paneli?