Huyu mtu wa "net send" (amri ya kurusha ujumbe kwenye kompyuta ya mwenzio) nitamfunga na waya wa LAN!

Wakuu, natetemeka. Jina sitaji, ofisini wote mnamjua, na najua yumo humu anasoma huku anacheka.

Leo saa nne, bosi kakaa, wageni wamekaa, projekta inawaka, nafika kwenye jedwali la bajeti. Paap! Kijisanduku cha kijivu katikati ya ukuta: "MLIPE MAMA CHAPATI, WIKI YA TATU HII." Na kitufe ni kimoja tu, OK. Yaani hata kukataa deni huwezi!

Nabonyeza OK, kinakuja kingine: "ANAJIFANYA HAONI." OK. Kingine. Nimebonyeza mara elfu mbili. Mgeni mmoja akaanza kusoma kwa sauti. Bosi akauliza, "Chapati ngapi?" UKUTANI, wakuu! Na mtumaji kajificha nyuma ya jina la kompyuta ya mapokezi.

Windows XP hii nimeshaifuta ile Messenger ya kuchati, wapi, chapati zinakuja tu. Nazimaje?

kijiko_cha_uji: Umeua asiyehusika. Inayoleta chapati ni huduma ya chinichini ya Windows, wamefanana jina tu. Start, Run, andika services.msc, tafuta Messenger, bonyeza Stop. Kisha Startup type weka Disabled, la sivyo ukiwasha mashine kesho chapati zinarudi.

mzee_wa_DOS: Tangu SP2 (sasisho kubwa la XP) ya 2004 huduma hiyo huja imezimwa. Ama mashine yako haijawahi kuonja SP2, ama kuna mtu alikalia kiti chako akaiwasha.

Mleta uzi: Jumatatu nilitoka dakika kumi tu!

mzee_wa_DOS: Kwenda wapi?

Mleta uzi: Kula chapati.

siti_ya_mbele: 😂😂😂 Zima huduma, lakini mama alipwe.

toner_imeisha: Afadhali wewe wa vijisanduku. Kwetu kuna mtu anachomeka birika kwenye UPS (betri ya akiba ya kompyuta), akichemsha chai idara nzima inazimika.

kijiko_cha_uji: Wa uhasibu?

toner_imeisha: HUYO HUYO! Unamjua?

siti_ya_mbele: Nani hamjui? Na sukari anayotumia si yake.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. Bosi kauliza chapati ngapi, UKUTANI...

toner_imeisha: Subiri mkuu, kwanza tumalize hili la birika.