Mrejesho: karatasi ya mama kuhusu matibabu yake
Wandugu asanteni sana, niliuliza kama mama yangu aliye Liège anaweza kuandika mapema kwamba hataki mashine ya kupumulia akizidiwa. Kumbe Ubelgiji iko sheria ya haki za mgonjwa ya 2002, ukikataa tiba fulani kwa maandishi akili ikiwa timamu daktari lazima aheshimu, tena unachagua mtu wa kukusemea, wote wawili mnatia sahihi na tarehe. Amemchagua yaya, ndugu yetu mkubwa. Kazi ilikuwa huku Lubumbashi, wajomba eti tunamwitia mama kifo!! Tukampigia WhatsApp akawasomea mwenyewe, mjomba mkubwa akaomba tu padri aitwe, mama akaongeza mstari palepale kwa biki na sahihi pembeni. Yaya anampelekea daktari kopi mpya.