Wageni wa Moshi wanataka kuona "milima ya Kusini": Newala na Masasi kwa siku mbili, tuanzie wapi?

MtuWaShangani
Wakuu, habari za leo. Mwishoni mwa Juni napokea wageni kutoka Moshi: dada yangu na shemeji, watoto wao watatu (mdogo ana miaka sita), na mama mzaa shemeji ambaye magoti yanamsumbua. Mikindani na Msimbati, za hapa Mtwara, hazinipi shida. Shida ni kwamba nimeshawaahidi Shimo la Mungu, lile poromoko la ukingoni pale Newala, na majabali ya Masasi. Gari ni Noah otomatiki, tutakuwa watu saba na mizigo. Muda ni siku mbili, usiku mmoja wa kulala njiani. Tupande kwa Tandahimba au tuzungukie Masasi? Na mama tumweke wapi wakati wengine wanapanda?

KitangariJuu
Kwanza usiwauzie neno "mlima". Watu waliokulia chini ya Kilimanjaro watakucheka. Cha kuwaonyesha ni ukingo: unasimama juu, nchi yote iko chini yako mpaka bonde la Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji.

Kwa sababu hiyo pitia Tandahimba. Uwanda wa Makonde umelala kama paa la upande mmoja: upande wa bahari uko chini, unainuka polepole kuelekea magharibi, halafu unakatika ghafla pale Newala. Mgeni anayetoka Mtwara hajui kama anapanda. Karibu kilomita 140 anaona mikorosho na mihogo tu, kisha ardhi inamwishia miguuni. Anayetokea Masasi anauona ukuta toka mbali, kwa hiyo akifika juu hana jipya la kushangaa.

Saa za kufika ukingoni ni kitu ambacho wengi hukosea. Juni na Julai asubuhi kunaweza kuwa na ukungu mzito, na ukienda saa kumi na mbili utaona weupe mtupu. Nenda kuanzia saa tatu hadi saa tano, ukungu umeshapanda na jua liko mgongoni kwako, bonde linaonekana kwa rangi zake. Mwisho wa Juni umechagua vizuri. Kuanzia Agosti mpaka Oktoba watu wanachoma mashamba, moshi unatanda na Msumbiji yote inapotea.

Lala Newala basi, msilale Masasi. Na waambie wabebe masweta. Watu wakisikia Mtwara wanafungasha nguo za pwani, halafu upepo wa kipupwe wa Newala usiku unawakuta na vitenge.

Dereva_Mikindani
Mkuu hapo juu anasema kweli kuhusu mandhari, ila amelisahau gari. Barabara ya Mtwara–Mnivata–Tandahimba–Newala–Masasi ni kilomita 210. Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, ni lami. Kuanzia hapo kunaweza kuwa na ujenzi. Kabla ya kuondoka nenda stendi, uliza madereva wa mabasi ya Newala waliofika jana yake, usimuulize mtu aliyepita mwezi uliopita. Mchepuko mmoja wenye mchanga mwingi unatosha kuikalisha Noah iliyobeba watu saba, maana tumbo lake liko chini. Ukikwama, usikanyage mafuta, tairi zinajichimbia tu. Shusha watu, punguza upepo kidogo kwenye tairi zinazovuta, toka taratibu, kisha jaza upepo mara tu unapopata pampu.

Wakikwambia njia ni mbaya, zungukia Mingoyo, Mtama, Nyangao, Ndanda hadi Masasi. Ni kilomita 200 za lami. Vijijini kuna vibao vya 50 na tochi za trafiki za kupima mwendo hazikosekani, kwa hiyo hesabu saa tatu na nusu hadi nne pamoja na kusimama.

Wakisema njia ni nzuri, fuata ushauri wa KitangariJuu, lakini kumbuka siku ya pili utakuwa unashuka ukingo kuelekea Masasi. Otomatiki ukiiacha kwenye D, gari litakimbia lenyewe na utabaki unakanyaga breki mteremko mzima. Breki zikipata moto kanyagio linakuwa laini na kuna harufu ya kuungua. Weka gia ya 2 au L kabla hujaanza kushuka, si katikati. Ukipanda kutoka Masasi kinachosumbua ni joto la injini: angalia maji ya rejeta asubuhi injini ikiwa baridi, zima AC kwenye mwinuko.

Mafuta jaza Mtwara au Masasi.

Bi_Mtandi
Naongezea upande wa Masasi, maana wengi wanapita wakipiga picha dirishani.

Yale majabali ni mwamba mgumu uliobaki baada ya ardhi laini ya pembeni kuliwa na mvua kwa miaka mingi sana, ndiyo maana yanachomoza peke yake tambarare. La kufikika kirahisi kwa familia ni Mtandi, penye kanisa kuu la Anglikana. Pitieni kwanza kwa wenyeji wa pale, mseme mnataka kupanda, na mwombe kijana wa kuwaongoza. Mkubaliane malipo kabla ya kuondoka.

Pandeni asubuhi. Saa sita mwamba umeshapata moto na hakuna kivuli. Raba zenye meno, si ndala. Penye rangi nyeusi au ukoga, kama kuna unyevu msikanyage hata kidogo, panateleza kuliko sabuni. Watoto wasichokonoe nyufa wala kurusha mawe, kuna nyuki. Na chakula kikae ndani ya begi lililofungwa, nyani wakikiona hamtakaa kwa raha.

Shemeji akiuliza historia, Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alifika Masasi mwaka 1876 na kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja. Walikuwa wameelekea Ziwa Nyasa, wakaishia hapa. Mwaka 1882 Magwangwara (Wangoni) walipoivamia Masasi, misheni ilihamia Newala, kwa hiyo safari yenu inapita kwenye njia ileile.

Mama mzaa shemeji msimlazimishe Masasi. Furaha yake iko Ndanda, pembeni kabisa ya lami: abasia (makao ya watawa) ya Wabenediktini ya mwaka 1906, miti mikubwa, kivuli, na maji. Mvua inayonyesha uwandani hainyeshi ikakaa, mchanga wa juu unainywa yote, halafu inatokea chini kama chemchemi. Ndiyo maana Ndanda kuna maji wakati juu Newala maji yamekuwa tabu ya kizazi na kizazi. Pitieni mapokezi, mvae kwa heshima, na msiingie kanisani kupiga picha wakati wa sala.

MtuWaShangani
Asanteni sana, kaka zangu na dada. Nimeelewa: Tandahimba kama njia inaruhusu, kulala Newala, kurudi kwa Masasi na Ndanda. Limebaki moja, watoto wanaweza kushuka kwenye Shimo la Mungu? Na mama ataona kitu bila kushuka?

KitangariJuu
Mama ataona kuliko wote. Mandhari yenyewe iko juu. Mbebeeni kiti cha plastiki, mkiweke mbali na ukingo, si penye nyasi za mwisho: kingo ni mchanga na udongo mwekundu, kwa chini huwa umeliwa na mvua na kwa juu hauonekani umeliwa. Huyo wa miaka sita ashikwe mkono muda wote.

Wakubwa wawili wanaweza kushuka na mwenyeji, kila mmoja na maji lita moja na nusu. Kushuka kunadanganya, kupanda kunachukua mara mbili ya muda. Wakiambiwa na mwenyeji kwamba njia imebomoka, wakubali.

Jambo jingine, simu ukingoni zinaweza kudaka mtandao wa Msumbiji. Zimeni huduma ya mtandao wa nje kabla ya kufika, la sivyo vocha itaisha kwa kutuma picha. Na mkikuta akina mama wanauza ming'oko (mizizi ya porini inayoliwa kama viazi) iliyochemshwa nunueni hapohapo ikiwa ya moto, menyeni ganda kwa vidole, chumvi na pilipili. Huko Moshi hawana.

Dereva_Mikindani
Siku ya pili ondokeni Newala kabla ya saa sita mchana. Mtandi mtafika mwamba umeshapata moto, kwa hiyo msipande, itazameni kwa chini tu. Ukiongeza Mtandi na Ndanda, ukachelewa, kipande cha Mingoyo hadi Mtwara utakipita usiku na malori yanayokuja mbele na taa kali.