Kila mtu cha kwake kinafanya kazi, tukiunganisha tu tarehe zinavurugika

Wakuu naombeni msaada. Tuko watatu tunatengeneza kifaa cha kurekodi data za sensa (vihisio, siyo ya kuhesabu watu), mimi nina saa (DS3231), mwingine mtetemo (MPU6050), wa tatu joto (DS18B20) na kuandika kwenye memori kadi. Kila mtu mezani kwake safi kabisa, jana tumeweka vyote kwenye bodi moja ndo balaa, rekodi zinatoka tarehe 0 mwezi wa 0, mtetemo haueleweki, na kila tukiwasha joto la kwanza ni 85 wakati chumba kiko kawaida tu. Saa hizi ni kurushiana mpira. Tuanzie wapi?

waya_mwekundu: Acheni kugombana, hakuna mwenye kosa. Saa na hiyo ya mtetemo zote anwani yake ni 0x68, ukiita moja zinaitika mbili, na kwenye I2C (nyaya mbili ambazo hizo zote mbili zinatumia kuongea na bodi) anayevuta laini chini ndo anashinda, ndo maana mnaona masifuri. MPU6050 ina pini AD0, ipelekeni 3.3V inahamia 0x69, mbadilishe na kwenye programu. Saa muiache, yake haibadiliki.

mzee_wa_solda: Hiyo 85 ni namba DS18B20 inayoamka nayo kabla haijapima chochote. Ikipima kwa usahihi wa biti 12 inataka mpaka milisekunde 750, huyo mwenzenu anasoma mapema. Ila msije mkaandika programu ifute kila 85, ikitokea tena katikati ya kazi maana yake sensa imekatika umeme ikawaka upya, angalieni waya.

bafa_kwanza: Mkimaliza hapo chomoeni umeme ikiwa inarekodi. Sisi tuliacha yetu usiku kucha, asubuhi faili lina baiti 0, kisa lilifunguliwa halikufungwa. Na memori kadi kuna muda inakwama ikiandika, kama mtetemo mnasoma mara 100 kwa sekunde bila bafa (sehemu ya kushikilia vipimo kwa muda vikisubiri kuandikwa) mtapoteza vipimo na hamtajua.

Muuliza swali: AD0 imekubali, tarehe zimerudi, 85 imepotea. Tumechomoa umeme mara tatu, ya tatu faili likagoma kufunguka, jamaa wa memori kadi kanuna 😅. Sasa flashi (kulazimisha data iandikwe kwenye kadi papo hapo) niiweke kila baada ya mistari mingapi?

bafa_kwanza: Usihesabu mistari. Kaeni watatu mkubaliane umeme ukikatika mko tayari kupoteza sekunde ngapi, hizo hizo ndo za kuflashi.